Mwanangu, Usikimbilie Hedi

Mwanangu, siku mwenye lori atakapofunua kifuniko cha tenki la kulanti na kukuonyesha utando wa mafuta unaoelea juu, gereji nzima itatamka neno moja: hedi. Gasketi imeungua, fungua hedi. Atasema fundi mwenzako, atasema utingo, atasema hata muuza kahawa anayepita na birika lake. Nawe mkono wako utakuwa umeshafika kwenye spana. Naujua huo mkono. Niliwahi kuwa nao. Uweke mfukoni kidogo, unisikilize.

Gari la dizeli lina oili zaidi ya moja, na kadhaa kati yake hupita jirani na maji. Watu husahau hilo. Oili ya injini hupita kwenye kipoza oili ubavuni mwa bloku, maji yakiizunguka. Oili ya giaboksi ya otomatiki, ile nyekundu tuliyozoea kuiita haidroliki, kwenye pikapu nyingi hupita kwenye kibomba kilichofichwa ndani ya tanki la rejeta yenyewe. Ukiiangalia rejeta kwa nje unaona viungio viwili vya bomba tu, basi. Malori makubwa yenye ritada, ile breki ya oili ya kwenye miteremko, aina ya Intarder ya ZF, yana kipoza chake nyuma ya giaboksi, na ritada ile hutumia oili ileile ya giaboksi. Dizeli nayo haiko mbali: kwenye baadhi ya injini, nozeli zimekaa ndani ya vikombe vya shaba vilivyozungukwa na maji. Kote huko kinachotenganisha ni ukuta mwembamba wa chuma. Ukitoboka wowote kati ya hizo kuta, utando utauona mahali palepale, kwenye tenki. Na tenki halisemi umetoka wapi.

Kwa hiyo kabla hujauliza ufungue wapi, uliza hii ni oili gani.

Anza na mdomo. Maswali hayana gharama. Nani aliongeza maji mara ya mwisho, na aliongeza nini hasa? Kwenye malori mengi tenki la kulanti na tenki la stelingi yako karibu karibu, mbele ya kichwa. Utingo aliyeamshwa usiku wa manane pale Makambako, na baridi ile, anaweza kumimina haidroliki ya stelingi mahali pa kulanti bila nia mbaya yoyote. Usimuulize mbele ya bosi wake, mwanangu. Hatasema. Mchukue pembeni, mpe soda, mwambie unachotaka ni kuokoa gari tu. Utashangaa ni injini ngapi zingepona kufunguliwa kwa soda moja.

Kisha uliza kama gari liliwahi kupata tatizo hili zamani. Mafuta ya zamani hujificha kwenye mipira, kwenye hita ya kabini, kwenye kona za tenki, halafu hutoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukuta unaweza kuwa mzima kabisa na utando bado ukaonekana, kwa sababu fundi wa kwanza alitengeneza lakini hakuosha.

Halafu uliza nini kinapungua. Oili ya injini? Ya giaboksi? Maji? Na uliza nini kinaongezeka. Tenki la kulanti linalojaa lenyewe bila mtu kuongeza kitu linakuambia kwamba kuna oili inaingia. Dipstiki ya giaboksi inayopanda kila asubuhi inakuambia kinyume chake. Dereva mzuri anayo majibu haya. Dereva asiyeyajua, mpe kalamu: weka alama kwenye tenki, andika kiwango cha kila oili, aende kazi fupi ya karibu, arudi mpime tena. Hapo namsema dereva wa lori la giaboksi ya mkono. Mwenye otomatiki sitaki aende popote, na sababu nitakuambia sasa hivi.

Nilikuwa na mteja wa pikapu, mfanyabiashara wa viazi wa upande wa Njombe. Dizeli, giaboksi ya otomatiki, gari lililoingia nchini likiwa limeshatumika. Alikuja Ijumaa jioni. Kwenye rejeta kulikuwa na utando mwembamba, mwekundu unaoelekea pinki. Nilivuta dipstiki ya giaboksi, nikafuta, nikavuta tena. Haidroliki nyekundu, safi, haina kasoro. Nikamwambia, mzee, hii si ya kukutisha, peleka mzigo wako, Jumatatu tutaitazama vizuri. Nilikuwa nimechoka, na kule kwenye giaboksi niliona usafi nikaridhika.

Jumatatu alikuja akivutwa. Dipstiki ileile sasa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukiweka gia, injini inanguruma, gari limesimama. Njiani, kwenye mlima, lilianza kuteleza. Akakanyaga mafuta zaidi, likateleza zaidi.

Jambo nililolipuuza ni hili. Injini ikiwa inazunguka, haidroliki husukumwa kupita kwenye kile kibomba kwa presha kubwa kuliko ya maji. Basi tundu likiwepo, oili ndiyo inayoingia kwenye maji. Ndiyo maana Ijumaa niliona mafuta kwenye rejeta na giaboksi safi. Lakini ukizima gari likiwa la moto, presha ya haidroliki inaanguka palepale, wakati maji bado yana joto na kifuniko cha rejeta kimeyabana. Tazama kifuniko, kimeandikwa: 0.9, au 1.1, hizo ni karibu sawa na bar. Sasa maji ndiyo yenye nguvu, nayo yanaingia kwenye giaboksi. Kila mara yule mzee alipozima gari kupumzika, kunywa chai, kupakia gunia, alikuwa anainywesha giaboksi yake maji.

Na giaboksi ya otomatiki haivumilii maji. Pleti zake za klachi zimebandikwa kwa gundi kitambaa laini cha jamii ya karatasi. Maji na kulanti hulegeza ile gundi, kitambaa kinavimba, kinabanduka vipande vipande, vipande vinaenda kuziba vijia vya oili. Ukigundua mapema, unaweza kubadilisha rejeta na kumwaga oili, ukasalimika. Ukichelewa, unanunua giaboksi. Siku zile mbili tatu nilizomwambia asiwe na wasiwasi ndizo zilizokula giaboksi yake.

Kwa hiyo ukiona utando wa rangi hiyo kwenye rejeta ya gari la otomatiki, lizime. Hapo ndipo haraka yako yote itumike. Liache palepale, livutwe likiwa limenyanyuliwa magurudumu yanayosukuma, au lipandishwe kwenye kibebeo. Mwenye gari atalalamika. Mwache alalamike. Ukishalizima, sasa una siku nzima ya kufikiri.

Sampuli ichukue injini ikiwa imepoa. Narudia, imepoa, kwa sababu nimeona vijana wakifungua kifuniko cha rejeta ya moto na maji yakawapanda usoni. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, chota kutoka juu ya rejeta, chota tena kutoka kwenye bomba la chini. Ziache chupa usiku kucha bila kuzigusa. Asubuhi oili itakuwa juu, maji katikati, uchafu chini.

Sasa tazama kwa makini, kwa sababu macho hudanganya. Kulanti zenyewe nyingine ni nyekundu, nyingine pinki. Wekundu peke yake si ushahidi. Unachotafuta ni kitu kinachoelea na kuteleza. Kutu nayo ni ya kahawia na huweza kukutisha kwenye gari lililozoeshwa maji ya bomba, lakini kutu huzama, na ukiisugua kati ya vidole inakwaruza. Oili haikwaruzi, inateleza tu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ya kufutia: maji yatatanuka na kukauka, mafuta yatabaki na doa lake. Oili ya injini ya dizeli iliyokwisha kutembea ni nyeusi kwa masizi, na ikichanganyika na maji huacha uji mzito wa kahawia unaong'ang'ania chini ya kifuniko. Haidroliki huacha wekundu au pinki, ingawa ikizeeka sana hugeuka kahawia na kukuchanganya. Oili ya giaboksi za malori mara nyingi ina harufu kali ya salfa ambayo ukishaijua hutaisahau. Dizeli utaijua kwa pua kabla ya macho. Ukiwa na shaka, na gari ni la thamani, zipo maabara zinazopima oili. Oili ya injini ya dizeli hujaa kalsiamu na zinki za viongezeo kuliko haidroliki, kwa hiyo karatasi yao inaweza kumaliza ubishi wa gereji nzima.

Na minya mipira ya rejeta. Ule mpira hauelewani na mafuta. Ukikaa nayo huvimba, hulainika, ukiubonyeza unabonyea bila kurudi haraka. Mpira uliovimba unakuambia kwamba mafuta hayakuanza jana, hata kama dereva anaapa kwamba yameanza jana.

Turudi kwenye pikapu. Ukishaamini kwamba ni haidroliki, kithibitishe kile kibomba kabla hujamtuma mtu akanunue rejeta. Fungua bomba zote mbili za haidroliki pale zinapoingia kwenye rejeta. Ziba tundu moja. Kwenye lingine weka upepo wa kompresa kupitia regyuleta, bar 1 na nusu inatosha, usijifanye shujaa. Rejeta iwe imejaa maji, kifuniko kiwe wazi. Kisha kaa. Tazama. Povu likipanda, umepata jibu.

Lisipopanda, usifurahi upesi. Hapa kijana mwenye haraka hufunga bomba, huandika kwamba rejeta ni nzima, na kuelekea kwenye hedi. Chuma kikiwa baridi, ufa mwembamba hujifunga. Mimina maji ya moto, ya moto kweli, kwenye rejeta, acha ipate joto, upime tena. Nimeshuhudia kibomba kikikaa kimya asubuhi, halafu baada ya ndoo ya maji ya jikoni kikaanza kutoa kiputo kimoja, kimya, kiputo kingine, kimya. Kama ningekuwa nimekwenda kunywa chai nisingekiona. Vuta stuli, mwanangu. Weka simu mbali.

Usidhani tatizo hili ni la magari ya kwetu tu au ni laana ya barabara mbovu. Marekani, wenye Nissan Pathfinder, Xterra na Frontier za mwaka 2005 hadi 2010 walililia kwa miaka, rejeta zikitoboka ndani na kulanti ikaingia kwenye giaboksi, mpaka shauri likafika mahakamani na kampuni ikarefusha dhamana ya rejeta. Zile zilikuwa za petroli. Kibomba cha ndani ya rejeta hakiulizi injini inachoma nini.

Sasa la lori, ambalo linaniuma zaidi kwa sababu pale nilikosea kwa upande mwingine kabisa. Kwenye pikapu nilichelewa. Kwenye lori niliwahi.

Lilikuwa la semi-trela, likitoka Zambia na shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Giaboksi ya mkono, yenye ritada. Utando kwenye tenki la kulanti ulikuwa wa manjano, unapitisha mwanga. Ungekuwa wewe leo, baada ya niliyokuambia, ungesema: oili ya injini ya dizeli ni nyeusi, hii si ya injini. Mimi sikusema. Niliona mafuta kwenye maji, giaboksi ya mkono, nikajiambia kwamba haidroliki haipo hapa, basi ni hedi. Nikafungua hedi. Ile hedi ni nzito, mwanangu, tuliitoa kwa winchi. Gasketi ilikuwa nzima. Ukishatoa hedi huwezi kumwambia mtu gasketi ilikuwa nzima na kuirudisha, kwa hiyo nilisema tuipeleke ikasagwe, tuweke gasketi mpya, ndiyo usalama. Mwenye lori alilipa. Lori likaondoka. Safari iliyofuata likarudi na utando uleule.

Dereva alikuwa mzee wa njia ile. Alikaa kwenye tairi bovu akinitazama ninavyokuna kichwa, kisha akasema polepole, "Fundi, mbona hujaniuliza mafuta yanaongezeka wapi?" Nikamuuliza. Akasema, "Kitonga. Nikipanda hakuna kitu. Nikishuka, nikifika Ruaha Mbuyuni nakuta tenki limepanda."

Kitonga, ukitoka Iringa, ni mteremko mrefu wenye kona, na lori lenye mzigo haliwezi kushuka pale kwa breki za magurudumu peke yake, zitaungua. Dereva huvuta ritada. Ndani ya ritada oili hubanwa kati ya magurudumu mawili yenye mapezi, moja linazunguka na lingine limesimama. Oili hulishikilia lile linalozunguka, lori linapungua mwendo, na nguvu yote ile ya mzigo unaoteremka hugeuka joto ndani ya oili. Joto hilo lazima liende mahali. Linakwenda kwenye kipoza, kutoka kipoza linaingia kwenye maji ya injini, kutoka hapo linakwenda kwenye rejeta. Ndiyo maana kwenye mteremko, injini ikiwa haifanyi kazi yoyote ya maana, mshale wa joto unapanda. Madereva wanaoijua ritada hupunguza gia ili injini izunguke haraka na pampu ya maji isukume maji kwa kasi. Wasioijua huacha injini ikizunguka polepole, huvuta ritada mpaka mwisho, na kushangaa maji yakichemka kwenye mteremko.

Basi oili ile inapobanwa ndipo inapokuwa na presha kubwa, na kama kipoza kina ufa, hapo ndipo inaposukumwa kwenye maji. Mzee alikuwa amenipa jibu lote kwa maneno machache. Lilikuwa limekaa kichwani mwake tangu siku ya kwanza, nami sikulihitaji kwa sababu nilikuwa na spana.

Tuliliacha lori lilale kwenye sakafu iliyonyooka usiku kucha. Tenki la kulanti liko juu, giaboksi iko chini. Gari likipoa, uzito wa maji yenyewe unatosha kuyapenyeza. Na maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini. Asubuhi nilikwenda chini ya giaboksi na beseni safi, nikalegeza bolti ya kumwagia polepole, nusu mzunguko, bila kuitoa. Kabla ya oili yalitoka maji. Machache, kijani kidogo, rangi ya kulanti yake. Kisha ikafuata oili. Nilibaki pale chini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikijua kwamba nikitoka lazima niongee na mwenye lori.

Nilimwambia ukweli, na fedha ya kazi ya hedi nikamkata kwenye kazi ya kipoza. Haikutosha kufidia, alikuwa amepoteza mzigo wa safari nzima. Lakini aliendelea kuniletea magari, na sijui kama ingekuwa hivyo ningemwambia kwamba hedi nayo ilikuwa na shida.

Lipo jambo lingine linalowapeleka watu kwenye hedi, nalo ni mapovu. Injini inazunguka, maji yanatoa mapovu, kila mtu anasema moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Inaweza kuwa kweli. Lakini kwenye lori lenye breki za upepo, kompresa nayo ina hedi yake ndogo na gasketi yake ndogo, na nyingi hupozwa kwa maji yaleyale ya injini. Gasketi ile ikitoboka, kompresa inapuliza upepo kwenye kulanti. Jinsi ya kujua ni rahisi ukisubiri: acha injini izunguke mpaka matangi ya upepo yajae na kompresa ipumzike, utasikia ile sauti ya kupumua. Mapovu yakikoma hapo, kanyaga breki mara kadhaa upepo ushuke, kompresa ianze tena. Yakirudi pamoja nayo, hedi ya injini iache. Kama yanaendelea tu bila kujali kompresa, tafuta ile dawa ya bluu inayopima hewa ya kwenye tenki. Ikigeuka kuelekea njano, moshi upo, sasa unaweza kuzungumza habari za hedi.

Kipoza oili cha injini sitakisema kwa urefu. Kumbuka tu kwamba oili ya injini kazini ina bar 3 hadi 5 na maji yana kama bar 1, kwa hiyo kipoza kikipasuka unaweza kuona oili nyeusi kwenye maji huku dipstiki ya injini ikiwa bado haina maji. Mafundi wengi wakiona dipstiki safi huchanganyikiwa. Hakuna cha kuchanganya, mwenye nguvu ndiye anayevamia.

Ukishaipata sehemu yenyewe, jiulize kwa nini ilioza. Mara nyingi jibu ni maji ya bomba. Kulanti si rangi ya kupamba, ina dawa ya kuzuia kutu, na vipoza vingi siku hizi ni vya aluminiamu nyembamba. Mwenye gari anayeokoa fedha ya kulanti analipia kipoza. Mwambie bila kumkaripia. Na ile ya zamani usiimwage kwenye mtaro. Glaikoli ni tamu na ni sumu. Mbwa na mbuzi huinywa, na watoto wa jirani wanachezea pale.

Kuosha ndiko kunakochosha, na ndiko kunakoharibiwa na haraka. Usitumie mafuta ya taa wala petroli. Vitamaliza mipira iliyobaki. Usitumie sabuni ya povu jingi, povu huleta hewa na hewa huchemsha injini. Tumia sabuni ya kuondoa grisi isiyotoa povu, maji ya moto, themostati ikiwa imetolewa, hita ya kabini ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho ili maji yapite nako. Washa, acha ipate joto, zima, acha ipoe, mwaga. Rudia. Utamwaga maji mpaka uchoke, na bado yatatoka na upinde wa rangi juu. Endelea. Mipira iliyovimba itoe, badilisha na themostati na kifuniko, kwa sababu raba zake zimeshaguswa.

Kwenye otomatiki kuna la ziada. Ukifungua bolti ya chini unamwaga sehemu tu ya haidroliki; nyingi hubaki ndani ya konveta. Mwaga, jaza, washa, pitisha gia zote, mwaga tena, mpaka irudi nyekundu. Badilisha chujio. Wengine, ili kuokoa fedha ya rejeta, huunganisha zile bomba mbili ili haidroliki isipite kwenye kipoza chochote. Gari litatembea vizuri mjini. Lipeleke mlimani na mzigo uone. Kama rejeta mpya ni ghali, weka kipoza cha nje kinachopozwa na upepo, hapo maji na haidroliki hazitakutana tena.

Na usimwahidi mwenye gari kitu usichokijua. Kama maji yalikaa kwenye pleti, giaboksi inaweza kutembea vizuri mwezi mzima kisha ikaanza kuteleza. Mwambie hivyo kabla hujaanza kazi, mkiwa mmekaa, na mwandikishane. Atakunja uso. Labda atakwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara anayeahidi zaidi. Mwache aende, na mwambie akihitaji kuangalia kitu arudi.

Atakayebaki, mwambie arudi baada ya wiki mbili, asubuhi, kabla ya kuwasha. Fungua tenki, chovya karatasi nyeupe. Kama kuna doa, usikimbilie kusema ni mabaki ya zamani, na usikimbilie kusema limevuja tena. Tazama alama uliyoweka kwenye tenki, vuta dipstiki, linganisha na kiwango ulichoandika siku ile anaondoka. Doa likiwepo na viwango havijasogea, osha tena umruhusu. Kiwango kikiwa kimesogea hata kidogo, chukua ufunguo wa gari lake, na urudi kwenye stuli na ndoo ya maji ya moto.